Mama Amegeuza Gauni Ndani Nje

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha dirisha kubwa,
Jumapili asubuhi, baada ya chai.

Mpendwa mdogo wangu Kidevu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu naye hajambo, usingizi unampata sasa, au bado mnapokezana kulea hadi mnagongana mlangoni? Na binti yangu je, bado anasimama kwa kushika kochi na kuanguka kwa makusudi ili achekwe? Mwambieni shangazi yake anamsalimu, na siku tukionana nitamng'ata mashavu yote mawili bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sisi huku ni wazima, ukiondoa magoti ya Mjomba. Hayo sikuandikii, kwa sababu siku utakapompigia atakueleza la kulia kwanza, kisha la kushoto, na mimi sitaki kumharibia raha yake. Mama ni mzima pia. Vidole vyake tu ndivyo vinavyomsumbua asubuhi, vinakakamaa, lakini akivitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu vinalegea, na maneno yanaanza kumtoka kama kawaida, mengi kuliko tunavyoweza kuyajibu.

Pamoja na barua hii umepokea kiungo cha video. Najua kidole kimeshaanza kukuwasha. Tafadhali, mdogo wangu, usikifungue bado. Soma kwanza mpaka mwisho, kwa sababu kuna mambo utayaona mle ukadhani dada yako amesahau kazi yake, au Mama amechanganyikiwa, na yote mawili si kweli.

Nianze na lile uliloniomba nilifiche. Ulipoandika kwamba daktari amempima binti yetu kwa mara nyingine na amethibitisha kwamba hasikii, nilikaa kitandani nikalia. Sikumlilia yeye. Nilililia jinsi ulivyoandika, kama mtu anayeomba radhi. Ukasema hujui utaongeaje naye, kwamba mikono yako imeota kutu kwa miaka yote hii ya kukaa mbali, na wifi hajui hata ishara moja. Halafu ukamalizia kwa kusema Mama asijue, maana ataona ni yeye aliyempa mtoto uziwi wake.

Nilijaribu, haki ya Mungu. Lakini unamjua mama yetu. Amezaliwa hasikii, amekua akisoma nyuso za watu, na mimi uso wangu ameusoma tangu nikiwa na siku moja. Niliingia jikoni nimenawa, nimepaka poda, nimetabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Alinitupia jicho mara moja tu, akazima jiko, akafuta mikono, akauliza: "Ni nani?" Nikamweleza yote. Ningefanyaje?

Akakaa kwenye stuli, mikono mapajani. Unajua mikono ya Mama ikitulia hivyo kuna jambo. Nikaanza kutafuta maneno ya kumbembeleza. Kumbe mwenzangu anatabasamu. Akaniambia polepole, kwa ile mikono yake ya mambo mazito: "Nyumba hii mnaongea nami vizuri, siwalaumu. Lakini mkishanipa mgongo mnarudi kwenye midomo yenu, na mimi nabaki. Huyu atabaki na mimi." Kisha akaongeza: "Nimepata mwenzangu. Mwambie Kidevu aache kulia, atamtisha mtoto."

Basi, hiyo ndiyo siri yako ilivyovuja. Kama una hasira nami, zimeze.

Tangu siku hiyo Mama hana lingine. Anataka kuongea na mjukuu wake. Na ile siku tuliyopigiana simu ya video uliona mwenyewe mambo yalivyokuwa. Mtandao wenu ni wa kubahatisha. Uso wa Mama ulikuwa unaonekana, lakini kila alipoinua mikono iligeuka vijisanduku vya rangi. Wewe ukawa unaitikia kwa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, na mtoto akaangalia pembeni akatafuta kijiko chake. Mama alijua huelewi kitu. Alipokwisha kukata simu alienda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Sisi wenye masikio picha ikiganda tunaendelea, kwa kuwa sauti inapita. Kwa Mama picha ndiyo sauti. Ikiganda, ni kama mtu amemziba mdomo.

Hapo ndipo nilipopiga moyo konde. Nikajisemea, hii si kazi yangu? Wewe uliitwa Kidevu kwa sababu ya lile kovu ulilolipata ukigombea kuwa wa kwanza kuingia bafuni, na Mama hadi leo akikutaja anagusa kidevu chake. Mimi aliniita Mkasi, vidole viwili vikikata hewa, kwa ajili ya pazia la sebuleni nililolikata nikiwa na umri wa kutojua adhabu. Alinipa jina akiwa amekasirika, na sasa nakula kwa jina hilohilo, maana siku nzima nakata na kuunga video za harusi za watu. Nikaona, ikiwa naweza kumfanya bwana harusi aliyelewa aonekane mtulivu, nitashindwaje kukufikishia mikono ya mama yangu ikimfundisha mjukuu wake?

Nilikuwa najidanganya. Ngoja nikusimulie, ucheke kidogo.

Siku ya kwanza Mjomba alijitolea kushika kamera. Miaka yote hii Mjomba anaongea na dada yake kwa kumpigia kelele, na kila akipiga kelele mikono yake yote miwili inakwenda juu. Sasa mkono mmoja ulikuwa na kamera. Video nzima ni dari, sakafu, dari, na kwa mbali Mama akimwambia akae chini. Tukamshukuru kwa heshima zote, nikaiweka kamera juu ya stuli, nikaiegemeza kwenye debe la unga. Debe halijawahi kubishana na mtu.

Siku ya pili nikarekodi vizuri, nikaipeleka ofisini kwetu, kile chumba cha juu ya duka la vifaa vya umeme. Nikaitengeneza kwa moyo wangu wote. Nikapunguza kasi mahali ambapo Mama anafungua viganja, ili ipendeze. Nikasogeza picha karibu na uso, tabasamu lionekane. Nikaweka muziki laini wa kinanda, na kwa kuwa muziki mzuri hautaki kubanwa, nikaupa sehemu kubwa ya uzito wa faili. Nikaileta nyumbani nikijiona fundi. Mama akaitazama mpaka mwisho, akauliza kwa nini anaongea kama mlevi, na kwa nini mikono yake imekatwa vifundoni. Kisha akakiona kile kimstari cha kijani kinachorukaruka pembeni mwa kompyuta, akauliza ni nini.

Nikamwambia ni muziki.

"Wa nani?"

Mdogo wangu, mimi ni mtoto wa mama asiyesikia, nimeongea kwa mikono kabla sijaongea kwa mdomo, na nilikuwa nimechukua chakula cha mikono ya Mama nikakipa kinanda, ili kimsikilizishe mtoto asiyesikia. Mazoea ya kazi ni kitu kibaya. Mama alicheka hadi akashika ubavu. Alimwita Mjomba aje aelezwe, na sasa kila nikipita Mjomba anajifanya anapiga kinanda kwenye magoti yake.

Nikarudi ofisini. Huko nina mwenzangu mmoja, tunamwita Bwana Subiri kwa sababu neno hilo ndilo analoanza nalo hata akiulizwa saa. Yeye ndiye anayeshughulikia video za kupandisha mtandaoni. Nikamweleza shida yangu yote: bibi hasikii, mjukuu hasikii, katikati kuna mtandao wenye kifafa. Akasema, "Subiri." Akavuta kiti, akazima redio yake, na nilijua tumeelewana.

Nikuelezee alivyonielekeza, kwa sababu wewe fundi wa majokofu unapenda kujua kitu kinafanyaje kazi ndani. Video ni picha nyingi zinazofuatana upesi. Ukizituma zote kama zilivyo, zitamfikia binti yetu akiwa na wajukuu. Kwa hiyo kompyuta inazifinya. Inaitazama picha hii na ile iliyotangulia, na kitu ambacho hakijabadilika haikirudii. Ukuta uliotulia hauli kitu. Lakini pazia likipepea nyuma ya Mama, kila mkunjo lazima uchorwe upya, na kompyuta imepewa kiasi chake tu cha kutumia kila sekunde. Ikiishiwa, inaanza kuiba, na inaiba palepale penye mwendo wa kasi. Penye mwendo wa kasi kwa Mama ni vidoleni.

Basi nikaondoa pazia. Nikazima feni. Nikahamisha ile saa ya ukutani yenye mshale mwekundu. Mama akakaa mbele ya ukuta mtupu, mwanga wa dirisha ukimpiga usoni na mikononi.

Halafu kuna suala la mtandao wenu wa kupanda na kushuka. Tumetengeneza nakala kadhaa za video ileile, kuanzia kubwa ya mtandao mzuri, zikishuka hadi ndogo kabisa ya siku mbaya. Zote zimekatwa vipande vifupi vinavyolingana, na simu yako yenyewe, kila kipande kikikaribia kwisha, inapima hali ya mtandao na kuamua kinachofuata kitoke nakala ipi. Kwa hiyo hutakiona kile kiduara kinachozunguka mpaka mtu anapata kizunguzungu. Picha itafifia kidogo, itajikaza, itarudi.

Hapo tulibishana kidogo, mimi na Bwana Subiri. Mtambo wetu umepangwa kwamba nakala ndogo ipunguziwe idadi ya picha kwa kila sekunde, ili iwe nyepesi. Kwa bibi harusi anayekata keki haina neno, keki itakatwa tu. Lakini kwa Mama, ukinyofoa picha katikati umenyofoa maneno. Nikamwambia picha zipunguzwe ukubwa, hata zikiwa kama stempu, lakini zisipunguzwe idadi. Akasema subiri, akajikuna, akajaribu kunionyesha kwa mikono yake jinsi picha zinavyopungua, na mikono yake ikamwonyesha mwenyewe jinsi neno linavyopotea. Tukabadilisha mipango ya mtambo.

Nikaja nyumbani na ile nakala ndogo kabisa, nikampa Mama simu. Akatazama. Akakunja uso. Akasogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Akaniambia: "Huyu mwanamke anamumunya."

Na ilikuwa kweli. Vidole vilikuwa vimeshikana, kama mkono umevaa soksi. Nikakaa na ile picha muda mrefu kutafuta mwizi mwingine ni nani, na nilipomwona nikatamani nisingemwona. Ni gauni lako.

Lile gauni la maua madogo madogo ulilomtumia. Mama alilivaa siku zote za kurekodi, wala hakukubali hata kuulizwa avae nini. Ni zuri, Kidevu, hakuna ubishi, na limemkaa kana kwamba ulimpima ukiwa hapahapa. Lakini yale maua hayahesabiki, na kila akivuta pumzi yote yanasogea. Kompyuta masikini ilikuwa inahangaika kuyachora maua, na mikono inapata makombo.

Nikamwomba avae lile gauni lake jeusi la shughuli za kanisani. Akakataa. Nikamweleza habari za picha na kufinywa, akafuata yote kwa macho, akakataa tena. "Mwanangu amenivika," akasema. "Ataona nimelitupa." Nikamwambia utaelewa. Akaniambia sina mtoto niliyemtuma mbali, nisimfundishe. Kisha akatia mikono yote miwili mifukoni, na wewe unajua kwa Mama hiyo maana yake ni kwamba mazungumzo yamefungwa na ufunguo umetupwa.

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia Mjomba kwamba mtoto atakosa kuongea na bibi yake kwa sababu ya kichwa kigumu na maua. Mjomba akapiga kelele kumtetea dada yake, na Mama akatutazama tunavyogombana kwa midomo, akatoka akaenda zake.

Asubuhi yake nikamkuta amekaa tayari mbele ya ukuta, amelowesha vidole, amechana nywele. Amevaa gauni lako. Amelivaa ndani nje. Bitana yote iko nje, bluu iliyokolea, haina hata ua moja, mishono imesimama mabegani na kile kitambaa cha chapa kinaning'inia shingoni. Akanitazama kama mtu anayesubiri niseme kitu. "Ni lilelile," akasema. "Maua nimeyaweka kwangu, upande wa moyo."

Nilijifanya narekebisha debe la unga mpaka machozi yakakauka, halafu nikabonyeza kitufe.

Kwa hiyo ukimwona Mama amevaa nguo kama mtu aliyetoka mbio kwenye nyumba inayoungua, usicheke. Au cheka, lakini ujue ni kwa ajili yako na binti yako. Na alikubali kusimama mwanzoni kabisa, kabla ya masomo, amelivaa upande wake wa kawaida na kuzunguka mara moja ulione lilivyomkaa. Pale maua yatakuwa na ukungu. Usijali, haongei pale.

Tulipomaliza kutengeneza upya nikamchukua Mama hadi stoo. Unaikumbuka stoo yetu, mabati pande zote, hakuna simu inayoshika vizuri mle. Nikachukua ile simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na mtandao ukawa unaonyesha kijiti kimoja, kinakuja kinakwenda. Nikaona hapa ndipo kama kwenu. Mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nikachuchumaa kando, roho yangu mkononi. Video ikaanza vizuri. Halafu kile kijiti kikapotea, na nikaona picha inashuka: ukuta ukawa ukungu, nywele za Mama zikawa doa, macho yake sikuyaona tena. Lakini vidole, mdogo wangu, vidole vilibaki. Kila kimoja peke yake. Nakala ndogo kabisa, kwenye simu mbovu, ndani ya mabati, na Mama anaongea.

Hakunitazama. Mikono yake mapajani ilianza kujijibu yenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anayeimba pamoja na redio bila kujua. Ilipokwisha akaniambia kwa ile ishara ya kusikia, ambayo nimewahi kumwona akiitumia kwa watu wengine tu, si kwake: "Nimejisikia."

Nilimkumbatia palepale stoo, katikati ya mifagio.

Sasa maelekezo, na uyafuate, maana nakujua. Fungua kwa kile kiungo chenyewe. Usijaribu kuirekodi na kumtumia mtu kama ujumbe wa simu, kwa sababu itafinywa tena juu ya kufinywa na mikono itakufa. Kila neno nimelianzishia picha kamili, isiyotegemea iliyotangulia, kwa hiyo ukirudisha nyuma mara nyingi haitaganda. Rudisha tu, Mama hachoki. Kuna maji, maziwa, njoo, moto usiguse, kulala, mama, baba, na mengine utakayoyakuta. Kinanda hakimo. Nimeacha sauti yangu tu, nyembamba kabisa, ikitaja kila neno, kwa ajili ya wifi yangu. Lakini mara nyingine azime sauti, ajifunze kwa macho, ataelewa binti yake anaishi wapi. Na wewe na mikono yako yenye kutu, kaa karibu yao ufanye kila kitu. Kutu itatoka. Mama anasema ulianza kuongea kwa mikono mapema kuliko mimi, jambo ambalo hajawahi kuniambia mpaka wiki hii, na sijafurahi.

Umesema daktari wenu atampeleka binti yetu kwa walimu wa lugha ya alama ya huko. Kubalini, kubalini kwa mikono miwili. Mama anasema ajifunze ya shule na ya bibi yake. Hakuna mjukuu wake atakayeshindwa na lugha mbili, ikiwa aliyeshindwa na moja ni Mjomba peke yake.

Nimebakiza mambo mawili.

La kwanza ni jina. Mama amempa mjukuu wake jina la mkono. Nimejaribu kukuandikia hapa, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Haliandikiki. Ila nitakuambia lilikotoka. Ile video uliyotutumia, mtoto akila uji, yenye giza na iliyopigwa kama Mjomba ndiye aliyeshika simu, Mama ameitazama hata nimekoma kuhesabu. Kuna kitu binti yako anakifanya kwa mkono wa kushoto kila kijiko kinapochelewa. Ninyi mlidhani anacheza. Mama aliruka kwenye kiti alipokiona. Aliniambia: "Tazama, anaita. Amekuwa akiita siku zote hizi, na hakuna anayeitika." Jina lake Mama amelitoa palepale, kwenye kile anachokifanya mwenyewe. Utalikuta mwishoni. Ulione kwa macho yako, ukiwa naye mapajani, mwanga ukiwa mbele yenu.

La pili. Baada ya kutaja jina, Mama anaweka mikono mapajani na kutulia. Anatazama kamera tu. Hafanyi chochote, kwa muda mrefu sana. Katika kazi yangu mahali kama hapo hapaachwi hata kidogo, mteja atadhani video imekwama. Kompyuta nayo ilikipenda kipande kile, hakina uzito wowote, kwa kuwa hakuna kinachosogea. Nilipeleka mkono nikikate. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akanishika kifundo cha mkono akanizuia.

"Hapo usikate," akasema. "Hapo ndipo anaponijibu."

Basi msije mkadhani mtandao umekatika. Ni Mama anasubiri. Mwacheni mtoto achukue muda wake, na wewe usimjibie. Akishajibu, mrekodini: ukuta mtupu, dirisha mbele yake, nguo isiyo na maua. Mama ameshaweka kiti chake mbele ya kompyuta na amenikataza kukisogeza hata ninapofagia.

Msalimie wifi yangu, mwambie asiogope, sisi sote tulianza na neno la maziwa. Mjomba anawasalimu, kwa sauti ya juu kama kawaida. Shemeji yako anawasalimu, naye siku hizi anaomba chumvi kwa mikono hata tukiwa wawili tu mezani. Bwana Subiri, ambaye hamjawahi kuonana, ameomba nimjulishe mtoto akijibu, na hakuanza na subiri.

Mungu ailinde nyumba yenu, aipe nguvu mikono yenu, na macho ya binti yetu ayajalie kila lililo jema.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye safari hii hakukata,

Mkasi